Vichaka Sitini Vilivyokufa kwa Samadi

Vijana wa bustani, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, kana kwamba nimeshaanza kusahau. Siku ya kuniaga mlisema mengi mazuri juu yangu. Mengine mke wangu aliyasikia kwa mara ya kwanza, akageuka kunitazama ahakikishe ni mimi ninayesemwa. Sitayarudia. Wala sitaandika nilipandishwa cheo lini na nani. Anayetaka hayo akaulize ofisini, faili langu liko kule na panya hawajalimaliza. Nitaandika juu ya vichaka sitini, kwa sababu kila mwaka namwona mmoja wenu akipanda kichaka kwenye udongo huu wetu wa Nakuru vilevile nilivyopanda mimi nikiwa na miaka ishirini na moja, na kila mwaka nilimeza mate nikanyamaza. Sasa nimestaafu. Sinyamazi tena.

Nilikulia kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja, watu saba. Baba yangu alitoka Maragoli akaja kutia makaa kwenye gari la moshi, na nia yake ilikuwa nimfuate. Lakini mimi moshi ulinikataa. Nilipanda injini siku moja tu, nikakohoa mpaka dereva akasema kijana huyu apelekwe hospitali. Nikapelekwa kweli, miezi michache baadaye, ila si kama mgonjwa. Kwenye mteremko chini ya Menengai kulikuwa na hospitali ndogo ya wagonjwa wa kifua, wodi mbili na jiko, nayo ilikuwa inatafuta mtu wa bustani. Jina lake nitaliacha. Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini.

Msimamizi wa bustani aliitwa Mzee arap Koros, Mkipsigis mrefu aliyevaa koti la mvua hata siku za kiangazi. Siku yangu ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kichwani, akauliza, "Umesoma?"

"Ndiyo, Mzee. Mpaka darasa la sita."

"Sawa. Leo tutaona kama kusoma inaweza kuchimba shimo."

Nikachimba. Shimo lilipofika magotini akaniletea debe la maji, akaniambia nimwage yote humo ndani, nikae kando niyaangalie. Kisha akaenda zake kunusa ugoro. Aliporudi shimo lilikuwa kavu kana kwamba hakuna aliyewahi kulimwagia kitu.

"Maji imeenda wapi?"

"Chini, Mzee."

"Chini wapi?"

Akaokota jiwe jeupe kwenye udongo niliotoa, akalitupa kwenye ndoo. Likaelea. Nilidhani ananifanyia mazingaombwe, nikalitoa, nikalitupa tena mwenyewe. Likaelea tena.

"Hii mlima ilitapika zamani," akasema, akielekeza kidevu Menengai. "Mimi na wewe, kazi yetu ni kulima matapishi. Kama jiwe yenyewe inaelea, maji itakaa wapi? Karibu kazini."

Hiyo ndiyo semina yangu ya kwanza, na sikupewa chai.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sururu, mtaimbo, uma-jembe mbili, karai, na debe lililotobolewa kwa misumari ambalo ndilo tuliliita mashine ya kumwagilia. Miche tuliikuza kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia tuliyoombaomba jikoni. Mzee alikuwa na kisu kimoja cha kupogolea alichokinoa kila asubuhi juu ya jiwe la ngazi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kichaka kilichokataa kukua alikitukana kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Nilimuuliza mara moja anakiambia nini. Akasema hayo si maneno ya mtu ambaye hajaoa.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Ndirangu, mtu wa maji. Tangi lilikuwa chini kabisa ya mteremko, na yeye alipandisha pipa kwa mkokoteni wa punda tangu asubuhi mpaka jua linapoinama, akiimba nyimbo za kanisa. Punda alimwimbia pia, na mimi siku nyingine sikuweza kutofautisha. Ndirangu alinizidi miaka kama kumi. Saa saba alifungua kikopo chake cha githeri, mahindi na maharagwe, akanigawia nusu bila kuuliza, na kwa sababu hiyo niliona ni haki yangu kumcheka sauti.

Miaka ile ziwa lilikauka. Ninyi mnaolijua limejaa hamwezi kuamini, lakini lilikauka likabaki uwanja mweupe wa magadi, na kila alasiri upepo uliinua vumbi lile ukalipandisha mjini. Lilikuja kama pazia. Wenye maduka walifunga milango, akina mama wakakimbilia nguo kambani. Hospitalini kwetu ilikuwa jambo jingine. Wodi ya wanaume ilitazama ziwa, na ilipofika saa tisa ungesikia kikohozi kikianza kitanda cha kwanza, kikahamia cha pili na cha tatu mpaka mwisho wa chumba. Wagonjwa walivuta shuka mpaka machoni. Kulikuwa na mmoja, fundi viatu kutoka Njoro, aliyeniita dirishani akasema, "Kijana, hayo maua yenu yatafika lini? Mimi sina siku nyingi za kungoja."

Maana ilikwishaamriwa kwamba tupande ua wa vichaka upande ule wote ili kuzuia vumbi. Aliyeamuru ni matroni, Mzungu mwembamba aliyetembea na filimbi shingoni, kwa hiyo sisi tulimwita Bibi Filimbi, yeye akiwa mbali. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama fimbo. Kitenzi kimoja kilimtosha wiki nzima.

Nikachimba mashimo sitini. Kabla hatujapanda, habari ilikuja kwamba mama yake Mzee arap Koros amefariki kwao. Akafunga koti lake, akaniambia maneno mawili. "Chimba tu. Usipande kitu mpaka nirudi."

Akaenda. Siku ya nne mawingu yakajikusanya, na filimbi ikalia.

"Zakayo! Mvua nakuja. Wewe napanda lini?"

Sasa, mtu mwenye akili angesema tumngoje Mzee. Mimi nilikuwa na darasa la sita na kitabu cha kilimo nilichoazima kwa mwalimu wangu wa zamani, kilichosema samadi ni chakula cha mmea. Kitabu kiliendelea kusema samadi gani na ya muda gani, lakini hapo nilikuwa nimeshafunga ukurasa kwa furaha.

"Kesho, Memsaab," nikasema.

Nilikwenda shamba la jirani lenye kondoo, nikaomba samadi mbichi, mikokoteni kwa mikokoteni. Nikateremka bondeni nikachota udongo mweusi, mzuri, unaonata kama unga wa ugali. Nikajaza mashimo yangu, ambayo yalikuwa membamba na marefu kama visima, nusu samadi, nusu udongo mweusi. Udongo mweupe niliutupa mbali kwa dharau. Ndirangu alisimamisha punda, akasogea, akanusa.

"Zakayo, hii samadi yako inatoa moshi kama chai. Una hakika?"

"Ndirangu," nikamwambia, "wewe leta maji. Mambo ya udongo tuachie sisi."

Sisi! Nilikuwa peke yangu.

Nikapanda hibiskasi thelathini na plumbago thelathini, zile za maua ya buluu, mistari miwili iliyonyooka kwa kamba. Nakubali mpaka leo kwamba ilipendeza. Bibi Filimbi alipita na wageni wake akawaonyesha kwa mkono. Fundi viatu alinipungia kofia dirishani. Wiki ya kwanza nilitembea kama bwana harusi. Wiki ya pili ncha za majani zikawa za manjano, kisha kahawia, kama karatasi iliyoshikwa karibu na moto. Mvua yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, manyunyu leo, jua kesho, na nikadhani ni kiu, nikamwambia Ndirangu aongeze maji. Akaongeza. Wiki ya tatu vichaka sitini vilisimama vimekufa, na vumbi likapita katikati yao bila hata kuomba njia.

Filimbi ikalia mara tatu.

"Nani naua maua yangu?" Bibi Filimbi aliuliza. Alikuwa ameshika tawi kavu, akitazama dirisha la wodi ya wanaume. Sikuwa nimejua mpaka hapo kwamba na yeye alisikia kile kikohozi cha saa tisa.

Nilikuwa na jibu. Nililijua, au nililishuku vya kutosha. Lakini mdomo wangu ukasema, "Labda ni maji, Memsaab."

Maneno manne. Hayakumtaja mtu, na hayakuwa na haja ya kumtaja, kwa sababu mtu wa maji alikuwa mmoja tu.

Lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa baadaye. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni, na Ndirangu alikuwa Mkikuyu. Mkikuyu aliyekuwa upande huu wa bonde alitembea na pasi iliyosema anafanya kazi wapi, na asiyekuwa na kazi ya kuandikwa kwenye pasi ile alipandishwa lori akapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa watu wake, au kizuizini, ilivyomwangukia. Karani wa hospitali akasema pengine Ndirangu amechanganya magadi kwenye pipa makusudi, maana watu hawa huwajui. Hakuna aliyemuuliza amelisikia wapi. Ijumaa ikapangwa kuwa siku yake ya mwisho. Ndirangu mwenyewe nilimwona siku ileile ya uamuzi amesimama kando ya punda wake, anamkuna shingo. Saa saba akafungua kikopo chake akanigawia nusu kama kawaida. Nilisema nimeshiba. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kusema hivyo mbele ya githeri, na nadhani hapo ndipo alipojua.

Mzee arap Koros alirudi Jumatano. Hakunisalimia sana. Alitembea kwenye mstari mpaka mwisho, akarudi, akachomeka uma-jembe kando ya hibiskasi moja akaing'oa na udongo wake wote. Ilitoka nzima, umbo la shimo, kama keki kwenye sufuria. Akaipasua kwa kisu chake. Mizizi midogo ilikuwa imeungua, nyeusi. Ile iliyonusurika ilikuwa imejiviringisha ndani ya udongo wangu mweusi, ikazunguka na kuzunguka, na hakuna hata mmoja uliotia mguu kwenye udongo mweupe. Harufu ya mkojo wa kondoo ilinipanda puani.

Aliniwekea mikononi. "Soma," akasema. "Si wewe ndiye umesoma."

Nikaigeuza mikononi.

"Mche ni kama mtoto wa tajiri," akaendelea. "Ukimpa nyumba yenye kila kitu, atatoka nje kutafuta nini? Na hii samadi ni mbichi, imempika miguu. Umemlaza kitanda kizuri, halafu umewasha moto chini ya kitanda." Kisha akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Nasikia Ndirangu anaenda Ijumaa. Amefanya nini?"

Niliondoka na ile hibiskasi mikononi, udongo ukimwagika kwenye suruali, nikapita jikoni, nikapita wodini, nikaingia ofisi ya Bibi Filimbi bila kubisha. Karani alikuwa humo. Ndirangu pia alikuwa humo, kofia mkononi, pasi yake juu ya meza.

"Memsaab, si maji," nikasema. "Ni mimi. Niliweka samadi mbichi. Mzee alinikataza kupanda. Na Ndirangu aliniambia inatoa moshi, nikamfukuza." Nikaiweka hibiskasi mezani kama ushahidi. Nakumbuka iliangukia kitabu chake.

Karani akakohoa, ingawa siku hiyo hapakuwa na vumbi.

"Wewe nasema 'labda maji'," Bibi Filimbi akasema polepole.

"Ndiyo, Memsaab. Nilisema uongo."

Aliangalia mizizi muda mrefu. Aliichukua pasi, akaitia sahihi, akamrudishia Ndirangu. Halafu akanigeukia. "Wewe navuta maji. Pamoja na punda. Mpaka mimi nasema basi."

Nikavuta maji miezi miwili. Ndirangu alisukuma nyuma, mimi na punda tukavuta mbele, na siku ya kwanza hakuimba hata wimbo mmoja. Siku ya pili nilimwomba msamaha. Akasema, "Zakayo, wewe vuta tu. Mambo ya msamaha tuachie sisi." Siku ya tatu akaanza kuimba, na nikaona sauti yake si mbaya.

Sasa sikilizeni jinsi ua ule ulivyopandwa mara ya pili, maana hii ndiyo sehemu mliyonilipia chai. Mzee alisema mbele ya upepo kama ule hatuweki mgeni. Tulikwea miteremko ya Menengai tukachimbua machipukizi ya leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu ambacho ninyi mnakipita kila siku mkidhani ni takataka. Tuliyakuza kwenye mikebe, kwa udongo huuhuu mweupe, yazoee umaskini tangu utotoni. Mashimo yangu marefu tuliyafukia, tukachimba mengine, mapana kama karai tatu, kina chake hakizidi mkebe wenyewe. Kuta za shimo tulizichokorachokora kwa uma zisiwe laini. Tulirudisha udongo uleule uliotoka. Samadi, iliyokaa mwaka mzima ikawa haina harufu, iliwekwa juu tu, kiganja kimoja, ikafunikwa kwa nyasi kavu na mawe. Ukingo wa udongo kuzunguka, kama sahani, ili maji yasikimbie. Kisha Mzee akachukua kisu chake akakata kila mche nusu, nami nikapiga kelele.

"Mizizi kidogo, mdomo mingi, nani atalisha nyumba?" akasema, akaendelea kukata.

Na maji? Mara moja kwa wiki, debe zima, polepole. Si kikombe kila siku. Kikombe cha kila siku kinafundisha mizizi kukaa juu ikingoja mgeni.

Ilibaki Bibi Filimbi. Alipoona leleshwa alipuliza filimbi mpaka punda akakimbia. "Hii ni pori! Mimi nataka maua, wewe naleta pori!"

Mzee alivunja jani moja, akalifinya, akampa. "Memsaab, nusa."

Akanusa. Akafumba macho. Jani la leleshwa linanuka kama ile dawa ya kupaka kifuani. "Hii ni kama dawa," akasema.

"Ndiyo, Memsaab. Inaota dawa. Kwa wagonjwa wa kifua."

Baada ya mwezi nilimsikia akiwaeleza wageni kwamba mmea huu aliuchagua yeye mwenyewe baada ya kufikiri sana. Mzee alisikia pia. Alinusa ugoro wake. Nyuma ya leleshwa, kwenye kivuli cha upepo, tulipanda plumbago, kwa njia ileile, na zikashika. Mwaka wa pili ua ulifika kiunoni, wa tatu ukapita kichwa changu, na kikohozi cha saa tisa, nisiseme kiliisha, lakini kilipungua mpaka mtu akaweza kulala mchana dirisha likiwa wazi. Fundi viatu hakuungoja. Alirudi Njoro kwa jeneza kabla leleshwa haijafika gotini, na mimi ninapohesabu wiki zile nilizopoteza kwa samadi, namhesabu na yeye.

Wala sitawadanganya kwamba sahihi ya Bibi Filimbi ilitosha. Mwaka mmoja baada yake lori lilikuja asubuhi, likachukua Wakikuyu wote wa mtaa ule, wenye pasi na wasio nazo. Bibi Filimbi alisimama getini na filimbi yake, akampigia askari makelele mpaka akawa mwekundu. Lori halikusimama. Ndirangu alikaa nyuma kabisa. Alinipigia kelele jambo moja tu, kwamba punda asipewe mahindi mabichi.

Ilipita miaka. Mzee arap Koros alirudi kwao kulima chai yake, akaniachia kisu. Bibi Filimbi alikwenda Ulaya, akaja mwingine. Punda alikufa kwa uzee. Kisha siku moja, miaka ya hamsini ikiwa inaishia, nikaona mtu mwembamba mwenye mvi amesimama getini, kofia mkononi. Nilimjua kwa namna alivyosimama.

Hatukukumbatiana, wakati ule wanaume hatukuwa tunakumbatiana. Tulishikana mikono muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikampa maji. Akanywa, kisha akatembea kwenye ua wote, mkono ukipapasa majani, mpaka akafika mahali palipokuwa na pengo. Leleshwa moja ilikuwa imekauka mwezi uliopita.

"Hii ilikufa?" akauliza.

"Ilikufa."

"Na safari hii ulisema labda ni nini?"

Akaniangalia, halafu akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mwili wote, mpaka ikabidi aketi juu ya karai. Nikacheka na mimi, ingawa macho yangu yalikuwa na vumbi.

Mchana huo nilimpeleka kwa matroni mpya. Alitaka kujua mtu huyu namfahamu vipi na kama anaaminika. Karani alikuwa yuleyule, amekaa palepale. Nikasema kwa sauti ya kumfikia vizuri.

"Memsaab, huyu ni Ndirangu. Yeye alimwagilia maua yetu, na mimi nikayaua, nikaacha alaumiwe."

Yule mama alimtazama Ndirangu, akanitazama mimi, akamwambia aanze Jumatatu. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na kila mgeni aliyeletwa bustanini, Ndirangu alimpeleka kwanza kando akamwambia, "Huyu Zakayo ni mtu mzuri sana. Ila akisema neno labda, kimbia."